Kioo Nilichokikata Mwenyewe

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa muuguzi katika zahanati ndogo ya kanisa mjini Migori. Kila Jumanne nilipanda pikipiki ya zahanati, nikaenda hadi Rongo, nikakata kushoto kuelekea Homa Bay, nikapita mji, kisha nikashika barabara ya vumbi ya upande wa Magunga mpaka kwenye kanisa la mabati tulikofanyia kliniki ya wajawazito. Katika safari hizo zote sikuwahi kukutana na mwanamke mwingine aliyeshika usukani wa pikipiki. Wanawake niliowaona walikuwa wamebebwa nyuma, wameketi upande.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya injini ya mia moja na ishirini na tano, ngumu kama punda, na mbele haikuwa na kitu chochote cha kuzuia upepo. Taa, mita ya mwendo, halafu uso wangu. Helmeti niliyopewa ilikuwa ya wazi mbele, imerithiwa kwa wanaume wawili walionitangulia, na sifongo za ndani zilikuwa zimeisha. Ukifika mwendo wa sitini kwenye lami, upepo unaingia kwa chini ya masikio na kuanza kunguruma. Ukifika sabini husikii tena injini. Nilijaribu kuziba masikio kwa pamba. Siku ya kwanza lori la miwa lilinipigia honi kwa nyuma, sikulisikia mpaka liliponipita karibu na bega, nikaishia kwenye nyasi. Pamba nikaitupa siku hiyo hiyo.

Kelele ile haikuisha niliposhuka. Ilinifuata ndani ya kliniki kama mafuta yanayochemka kwenye karai, shhh, mfululizo, saa moja au hata mbili. Na kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Nilikuwa na fetoskopu ya alumini, ile yenye umbo la tarumbeta ndogo. Unaweka upande mpana kwenye tumbo la mama, unaweka sikio kwenye upande mwembamba, na unasikiliza moyo wa mtoto unaodunda mbali sana, kama saa iliyofungwa ndani ya blanketi. Kitu hicho hukisikii ukiwa na karai la mafuta kichwani. Kwa hiyo nilizoea kuanza na kazi za macho, yaani kupima uzito, mikojo na miguu iliyovimba, nikingoja masikio yatulie. Sikumwambia mtu. Nani angemwamini muuguzi asiyesikia?

Jumanne moja nilichelewa kufika kwa sababu ya pancha, na kina mama walikuwa wameshangoja tangu asubuhi. Wa kwanza kulala kwenye meza alikuwa msichana wa kama miaka ishirini, mimba ya kwanza, miezi minane. Alikuwa ameletwa na mama mkwe wake, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye leso ya kanisa kichwani. Mumewe alikuwa mvuvi, yuko Mfangano kwa majuma.

"Sista, huyu anasema mtoto hajacheza," mama mkwe aliniambia.

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Hapo singeweza kungoja masikio. Niliinama nikaweka fetoskopu. Shhh. Nikasogeza. Shhh. Nikajaribu mahali pa tatu, nikafumba macho, nikazuia pumzi. Mafuta tu. Nikainua kichwa, na maneno yakanitoka kabla sijayafikiria. "Sisikii. Sisikii kitu."

Lazima niseme kwamba mimi ni Mkuria, nimezaliwa upande wa Kehancha, na Kijaluo changu wakati ule kilikuwa cha sokoni: salamu, bei, na matusi mawili matatu. Pale kliniki tulitumia Kiswahili, na Kiswahili cha yule mama kilikuwa kidogo. Alinitazama mdomoni, akageuka kwa wanawake waliokuwa kwenye mabenchi, akasema kwa sauti ndogo, "Nyathi otho."

Hayo niliyaelewa. Mtoto amekufa.

Ningeweza kusema wakati ule, "Ni masikio yangu." Maneno matatu. Sikuyasema. Niliona aibu. Nilisema tu, "Ngojeni, nipime tena," lakini mayowe yalikuwa yameshapanda, na msichana alikuwa ameshuka mezani akishika tumbo kwa mikono miwili kama mtu anayekaribia kunyang'anywa. Nilimshika mkono, wakaniondoa. Nikawapigia kelele waende hospitali Homa Bay, wapimwe huko. Waliondoka kwa miguu njia ya nyumbani, wakilia. Mimi nikabaki nimeshika daftari, nikaandika: mapigo hayakusikika, ameelekezwa hospitali.

Mtoto alianza kucheza jioni ile ile. Nilikuja kujua wiki iliyofuata, msimamizi wa zahanati aliponiita ofisini. Msimamizi hakuwa muuguzi wala daktari. Alikuwa amewekwa na kanisa kutunza mali na barua, mtu mnene wa kauli za pole pole. Mbele yake kulikuwa na barua ya wazee wa kanisa la kule. Mume alikuwa ameitwa kutoka Mfangano kuja kuzika, akaacha nyavu zake majini, akafika akamkuta mke anakula. Mama mkwe alikuwa amelia matanga ya mtu aliye hai, na huko kwao hilo si jambo dogo hata kidogo.

"Umeandika hapa mapigo hayakusikika," msimamizi alisema, kidole kwenye daftari langu. "Na mtoto yuko hai. Sasa tuseme nini?"

Nikausema ukweli, hatimaye, kwa mtu asiyestahili kuwa wa kwanza kuusikia. Nikamweleza habari za upepo, helmeti na mlio wa masikioni. Nikamwomba zahanati inunue kioo cha mbele cha pikipiki. Mawakala wa tumbaku walikuwa navyo kwenye pikipiki zao, nilikuwa nawaona kila siku wakipita Migori wamekaa wima nyuma ya plastiki zao, mashati hata hayapepei.

Alicheka. Si kwa ubaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alicheka kama mtu aliyeombwa na mtoto.

"Sista, kioo ni urembo. Wale waliokutangulia waliendesha pikipiki hiyo hiyo miaka sita. Umewahi kusikia wamelalamika?"

"Wao hawakuwa wakisikiliza matumbo. Walikuwa wakipeleka dawa na barua."

"Basi endesha pole pole."

"Nikienda pole pole nafika saa sita. Kina mama wanakuwa wameondoka."

"Ondoka mapema."

Niliondoka ofisini mwake. Ningeweza kumrushia ile fetoskopu. Badala yake niliamua kununua kioo mwenyewe.

Jumamosi nilienda kwenye duka la spea mjini Migori. Wenye duka wengi wa mtaa ule walikuwa Wasabato na walikuwa wamefunga, lakini huyu alikuwa wazi. Vioo vitatu vilining'inia ukutani. Kimoja kidogo, cheusi, cha vijana wanaotaka kuonekana. Cha pili cha kadiri, kimepinda vizuri, na ukingo wake wa juu umekunjwa kidogo kwa nje kama mdomo wa sufuria. Cha tatu kikubwa, bapa, kimesimama wima kama mlango.

Nilikwenda moja kwa moja kwa kile cha kadiri. Sikujua kwa nini, mkono ulikipenda tu. Nikakishusha.

"Hicho ni cha nani?" mwenye duka aliuliza.

"Cha pikipiki yangu."

"Mwambie mzee aje mwenyewe tumwekee."

"Hakuna mzee. Mimi ndiye ninayeendesha."

Wanaume wawili waliokaa kwenye kreti za soda wakaanza kucheka. Mwenye duka akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Unataka ya nini?"

"Kupunguza kelele za upepo."

"Sasa mama, kwa nini unachukua kidogo? Upepo unazuiwa na kitu kikubwa. Si hata nyumba ni hivyo? Chukua hiki." Akaangusha kile mlango mbele yangu. "Wazungu wa misheni wote wanachukua hiki."

"Naweza kukijaribu kwenye pikipiki kwanza? Nishike tu nione kinafika wapi usoni?"

"Hii si mtumba ya kujaribu." Wale wa kreti wakacheka tena. "Ukifungua bolti, umenunua."

Na mimi, niliyekuwa nimezalisha mamia ya wanawake, niliyekuwa nikishona watu vichwa bila mkono kutikisika, nilirudisha cha kadiri ukutani nikanunua mlango. Kwa sababu mwanamume alisema kwa uhakika, na wawili wengine walikuwa wanatazama. Nimewakasirikia wengi katika habari hii lakini kwa hilo nimejikasirikia mimi.

Jumanne nikaondoka nacho. Mpaka mwendo wa arobaini nilifurahi, kifua changu kilikuwa na joto, nzi hawakunipiga. Nikaongeza. Karibu na Awendo, nilipofika sitini, kichwa kikaanza kutikiswa. Si upepo tena wa kupita, ulikuwa upepo wa kupiga, du-du-du-du, juu ya helmeti, kama mtu amekalia mabega yangu anapiga ngoma kwenye pipa la mafuta. Macho yaliona mbili mbili. Nilipofika kliniki masikio yalikuwa yanauma, sio kulia tu. Na mabenchi yalikuwa na wanawake wanne, mahali ambapo kwa kawaida walikuwa arobaini.

Nilirudi dukani kesho yake.

"Kinapiga kelele kuliko mwanzo," nilimwambia mwenye duka. "Nipe kile cha kadiri, nitaongeza tofauti."

"Umeshafungua bolti."

"Kioo chako hakifai!"

"Kioo kinafaa. Mawakala wanatumia." Akainama juu ya kaunta, akanisogelea kama mtu anayetoa siri. "Mama, pengine ni masikio yako. Nenda hospitali upimwe."

Nilipiga kaunta kwa kiganja mpaka masanduku ya plagi yakaruka. Nilimwambia mambo ambayo muuguzi wa kanisa hasemi, nusu kwa Kikuria ili nisifukuzwe kazi. Watu wakajaa mlangoni. Akabaki kusema, "Mama, mama, polepole," na kile cha kadiri kilikuwa bado kinaning'inia nyuma yake. Hakunipa.

Nikasema basi. Kama hakuna atakayeniambia kelele inatoka wapi, nitaitafuta mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilienda kwenye kipande cha lami kisicho na mashimo, baada ya Uriri. Nilikuwa nimekata vitambaa vyembamba vya bandeji, nikavifunga vingine kwenye ukingo wa kioo na vingine kwenye kamba ya helmeti. Nikaendesha kwa sitini. Nilipokaa wima, vitambaa vya kioo vilikuwa vikirukaruka kila upande kama vimepagawa, na ngoma ilikuwa inapiga. Nikasimama kwenye vikanyagio, kichwa juu kabisa ya kioo. Kelele ikabaki, lakini ngoma ikaisha. Nikakaa, nikainama mpaka kidevu kikawa karibu na tangi. Kimya. Kimya cha ajabu, nikasikia injini na mnyororo. Nikarudia, juu, chini, juu, chini, kilomita nzima. Wasabato waliokuwa wakitembea kwenda kanisani wakasimama kando ya barabara kumtazama mwanamke anayeruka ruka kwenye pikipiki yenye bandeji. Mmoja akafanya ishara ya kuniombea.

Lakini nilikuwa nimeelewa. Mule nyuma ya kioo kulikuwa shwari, na juu ya kichwa upepo ulikuwa unapita vizuri. Ubaya ulikuwa katikati, pale upepo ulipovunjika kwenye ukingo, na ukingo ule ulikuwa sawasawa na macho yangu. Kwa kuwa kioo kilisimama wima, upepo haukupaa ukaniruka. Ulivunjika na kuniangukia kichwani. Tena kilikuwa kimekalia taa bila nafasi hata ya kidole, kwa hiyo upepo wa nyuma ulikuwa unavutwa kuja kujaza pengo, ukinipiga kisogoni. Kioo kirefu kupita kichwa changu kingenilazimu kutazama barabara kupitia plastiki yenye matope. Hapana. Nilitaka kifupi, kilicholala, chenye nafasi chini.

Jirani yangu alikuwa fundi wa milango ya chuma. Akaniazima msumeno wa chuma na tupa, akataka kukata yeye. Nikakataa. Nilichora mstari kwa ile dawa ya zambarau ya vidonda, nikabandika plasta ya hospitali juu ya mstari ili plastiki isipasuke, nikakata. Vidole vinne, kutoka machoni mpaka kwenye ncha ya pua. Nikalainisha ukingo kwa tupa mpaka ukawa laini kama kucha. Fundi akapinda vyuma vinavyoshika kioo, kioo kikalala kuelekea kwangu, na tukaweka washa nene, vile vipete vya bolti, chini ili upepo upite juu ya taa.

Nilijaribu tena baada ya Uriri. Ngoma bado ilikuwepo, kidogo. Nikarudi, nikakata kidole kimoja zaidi na kuongeza washa. Safari ya tatu, kwa sitini, vitambaa vililala vyote upande mmoja, vimenyooka, vinatetemeka tu. Upepo ulikuwa unanipita juu ya kichwa kama maji yanavyopita juu ya jiwe. Nikasikia injini. Nikasikia mbwa akibweka kwenye boma. Nilianza kulia, na sikulia kwa furaha. Kazi ya mchana mmoja, msumeno na plasta, na kwa kukosa hiyo nilikuwa nimemfanya mama aamini kwamba mtoto wake hayuko.

Jumanne iliyofuata nilifika kliniki na masikio safi. Alikuwepo mama mmoja. Niliweka fetoskopu na moyo wa mtoto wake ukaja mara moja, mia na arobaini kwa dakika, wazi kabisa. Nilimsikiliza muda mrefu kupita inavyohitajika. Baada yake sikuwa na mtu mwingine wa kusikiliza.

Nikaamua kwenda kwa yule mama mkwe. Nilielekezwa, nikaacha pikipiki kwenye ua wa minyaa, nikaingia kwa miguu. Msichana alikuwa amejifungua siku tisa kabla, nyumbani, mikononi mwa mkunga wa kijiji. Mtoto wa kike, mzima, nilimsikia akilia ndani ya nyumba. Sikuruhusiwa kuingia.

Mama mkwe alitoka akasimama mlangoni. Nilimwambia, safari hii pole pole, na kwa Kijaluo nilichojifunza makusudi wiki ile. Kwamba siku ile masikio yangu yalikuwa na upepo wa barabara. Kwamba nilisema sisikii mimi, sikusema mtoto amekufa. Kwamba nilipaswa kueleza na sikueleza. Kwamba naomba msamaha.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua masikio yako mabaya?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Nilijua."

"Na uliweka kwa tumbo ya mtoto wetu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi nililia huyu mtoto," alisema. "Nililia yeye hai. Nani atatoa hiyo machozi?" Akaingia ndani. Alikuwa na haki, na hasira yake ilikuwa safi kuliko yangu, kwa sababu yake ilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwelekea.

Kliniki ile haikujaa tena. Baada ya miezi mitatu msimamizi aliniita, akaniambia kanisa limeamua kunipumzisha na safari. Nitabaki Migori, chumba cha sindano. Pikipiki atapewa ofisa tabibu mpya, kijana wa kiume aliyetoka chuo. Nilimwuliza kama ofisa mpya atakuwa anasikiliza wajawazito. Akasema atakuwa anafanya kila kitu.

Nilikwenda uani nikachukua spana namba kumi kwenye boksi la pikipiki. Bolti nne. Nilikuwa nimefungua ya tatu msimamizi alipotoka mbio.

"Sista! Hiyo ni mali ya zahanati!"

"Ni urembo," nilimwambia. "Umesahau?"

Nikafungua ya nne, nikakwapua kioo changu, nikakipeleka nyumbani.

Ofisa mpya aliondoka Jumanne bila kioo. Wiki ya tatu alikuja kwenye chumba cha sindano, akafunga mlango, akaniuliza kwa aibu kama na mimi nilikuwa nikisikia mlio, kitu kama mafuta ya kukaangia. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia ninacho kioo na nitampa bure, ila kwanza aende kwa msimamizi, amweleze kwa mdomo wake, neno kwa neno, anachokisikia. Nilitaka msimamizi ayasikie maneno yale kwa mara ya pili.

Alikwenda. Sijui walizungumza nini, hawakukaa dakika kumi. Jumatatu iliyofuata nilipofika kazini, pikipiki ilikuwa imeegeshwa karibu na tangi la maji, na ilikuwa na kioo kipya. Cha kadiri, kimepinda, chenye ukingo uliokunjwa kama mdomo wa sufuria. Kijana alikuwa amepiga magoti anakifuta kwa kitambaa. Akaniamkia. Nikaitikia, nikaingia ndani, nikachemsha sindano.